Makaa, mafuta taa, gesi au stima? Anza na sufuria ya maharagwe

Chama chetu cha akiba hapa Kangemi, Nairobi, kina wanawake kumi na wanane. Mwaka huu tulikubaliana kwamba pesa za mzunguko mmoja zisigawanywe mkononi kama kawaida, bali kila mwanachama anunuliwe kitu cha kupikia. Kikao cha kuchagua kilichukua saa tatu. Mmoja alitaka gesi, mwingine akasema gesi italipuka na watoto wamo ndani. Mama anayeuza githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na steji akasema hawezi kuacha makaa labda sisi tumlipe hasara. Na yupo mwenzetu ambaye riziki yake ni kuuza hayo hayo makaa kwa mkebe. Yeye alikaa kimya muda wote, na kimya chake ndicho kilichoniuma zaidi.

Nikaambiwa nikasome, nirudi na jibu. Nimewahi kuhoji wakazi mitaani kwa niaba ya watafiti wa afya, kwa hiyo makaratasi yao hayanitishi. Nililoligundua ni kwamba tulikuwa tukiuliza swali moja huku tukitafuta majibu matatu. Jiko linaweza kuokoa pesa, linaweza kupumzisha kifua, linaweza kupunguza miti inayokatwa. Haya matatu hayaji pamoja, na muuzaji wa jiko atakuambia yanakuja pamoja. Kwa hiyo kila ninapolinganisha hapa chini, nauliza mara tatu: mfuko unapata nini, kifua kinapata nini, msitu unapata nini.

Ubaya uko kwenye kuchemsha

Chai ni dakika kumi. Sukuma wiki ni dakika chache. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa yanachemka saa mbili, hata tatu. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi napikia gesi", muulize maharagwe anachemshia wapi. Mara nyingi utakuta jiko la makaa liko nje ya mlango, linafukuta tangu saa nane mchana. Familia haziachi nishati ya zamani siku zinapopata mpya. Huongeza mpya juu ya ile ya zamani, kisha hugawa vyakula kulingana na bei ya kila moto. Chakula cha haraka kinakwenda kwenye gesi, na cha kuchemka muda mrefu kinabaki kwenye makaa.

Basi anayetaka kubadilisha jiko lake aanze na sufuria inayokaa motoni muda mrefu kuliko zote. Hapo ndipo makaa mengi yanapoishia, na hapo ndipo mpishi na mtoto wake huvuta hewa mbaya kwa muda mrefu zaidi.

Jiko la kawaida na jiko lililoboreshwa

Jiko la bati lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba, ni kazi ya mafundi wetu wenyewe. Lilienea miaka ya 1980 kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji, na udongo ule wa ndani ndio unaozuia joto lisipotelee pembeni. Ukilinganisha na jiko la bati tupu, linapunguza makaa kwa kiasi kikubwa. Kama bado unatumia bati tupu, hilo ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote, na halihitaji kikao.

Kizazi kipya, kama Jikokoa linalotengenezwa hapa Kenya, kimefanyiwa utafiti mzito hapa hapa Nairobi. Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia familia zipatazo elfu moja za kipato cha chini, wakachapisha matokeo yao 2022. Pesa ya makaa ilipungua kwa asilimia 39. Kwa familia inayonunua mkebe kila siku, jiko hilo hulipa gharama yake ndani ya miezi michache, kisha linaendelea kuokoa. Jambo jingine walilogundua linatuhusu sisi wa vyama moja kwa moja: watu walipopewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, bei waliyokuwa tayari kulipa iliongezeka takriban mara mbili. Faida ya jiko waliielewa vizuri. Kilichowazuia ni kwamba pesa yote kwa mkupuo mmoja haikuwepo. Kukusanya kidogo kidogo ndiyo kazi hasa chama kinayoijua.

Mfuko umepona, na msitu umepata nafuu. Kifua je? Watafiti hao hao walirudi baada ya miaka zaidi ya mitatu. Wenye jiko jipya walisema kikohozi na maumivu ya kichwa yamepungua, kwa kuwa ule moshi mkali wa wakati wa kupika ulikuwa umepungua. Lakini vipimo vya mwili, kama shinikizo la damu, havikuonyesha tofauti. Sababu yake kubwa ni kwamba mpishi anapika saa chache tu, na saa zote zilizobaki anavuta hewa ya mtaa: moshi wa magari, taka zinazochomwa, jiko la jirani.

Hapa nikakumbuka kazi ya zamani ya Laikipia. Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55 za ranchi ya Mpala na kufuatilia ugonjwa wa kifua wa wakazi wake, wakachapisha 2001. Walikuta kwamba ugonjwa unapanda kwa kasi moshi ukiwa bado ni wa kiasi, halafu kasi hiyo inapungua moshi unapokuwa mwingi sana. Maana yake kwa anayechagua jiko ni chungu kidogo: ukitoka kwenye moshi mwingi mno hadi moshi mwingi, utaona tofauti kwa macho, lakini mapafu yataona ndogo. Nafuu kubwa iko karibu na hewa safi kabisa. Kwa hiyo jiko lililoboreshwa linunue kwa sababu ya pesa na miti, na ununue ukijua hivyo. Anayekuambia litamponya mtoto wako kikohozi anakupa ahadi ambayo vipimo havijaithibitisha.

Na makaa yana hila moja kubwa. Hayatoi moshi unaoonekana yakishakolea, kwa hiyo watu huyaamini na kuyaingiza ndani wakati wa baridi ya Julai. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Familia hulala na haziamki. Jiko liwe la aina gani, la zamani au jipya, makaa yasilale ndani ya nyumba.

Mafuta taa

Hapa sina mengi ya kupima. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba mafuta taa yasitumike nyumbani. Yanatoa masizi na sumu, yanaunguza watu, na mtoto akiyakuta kwenye chupa ya soda huyanywa. Tangu ushuru ulipopandishwa 2018 hata ule unafuu wa bei umekwisha. Sifa yaliyobakiza ni kwamba yanauzwa kwa kiasi chochote, hata ya shilingi ishirini, na sifa hiyo si ndogo kwa anayelipwa kwa siku. Ndiyo nguvu ambayo gesi ilikosa kwa miaka mingi.

Gesi na makaa, kwa mizani

Nilifanya hesabu hii jikoni nikaiandika nyuma ya daftari la chama. Kilo moja ya gesi ina joto jingi kuliko kilo ya makaa, na meko la gesi linafikisha sehemu kubwa zaidi ya joto hilo kwenye sufuria. Ukijumlisha mambo hayo mawili, kilo moja ya gesi hupika takriban sawa na kilo tatu za makaa kwenye jiko la udongo la kawaida. Mtungi wa kilo sita, basi, ni kama kilo kumi na nane za makaa.

Sasa chukua mkebe unaonunua kila jioni, upeleke dukani ukapimwe. Wengi hatujawahi. Tafuta bei ya kilo moja, zidisha kwa kumi na nane, linganisha na bei ya kujaza mtungi wa kilo sita mtaani kwako. Kwetu, anayenunua kwa mkebe anashindwa na gesi. Anayenunua gunia zima, tena moja kwa moja kwenye lori, bado anaweza kuishinda. Hapo unaona ni kwa nini mama wa githeri na mama wa nyumbani wanabishana bila kuelewana: kila mmoja anasema kweli kwa hesabu yake.

Upande wa msitu mizani haibishaniwi. Tanuri la udongo la kienyeji hula kati ya kilo tano na kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Mtungi mmoja mdogo wa gesi unaacha porini kuni za kilo tisini, pengine mia na themanini. Gesi nayo inatoka ardhini na kuja kwa meli hadi Mombasa, si kitu cha kujivunia milele, lakini mbele ya mgunga uliochukua miaka kukua kwenye ardhi kavu, naichagua gesi.

Kwa kifua, gesi iko mbali mbele ya makaa na kuni. Hata hivyo niseme yote niliyosoma. Utafiti wa HAPIN ulifanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda, ukiwa na wajawazito wapatao 3,200. Nusu walipewa meko na gesi bure, nusu wakaendelea na kuni. Chembe ndogo za moshi walizovuta wenye gesi zilipungua kwa takriban thuluthi mbili. Lakini matokeo yaliyotolewa 2022 na 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa watoto waliozaliwa, wala katika nimonia kali. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilivunjika moyo. Nilipoyasoma tena nikaona ni somo lile lile la Laikipia na la Nairobi: nyumba moja kubadilika katikati ya mtaa unaofuka moshi haitoshi. Hili nitalirudia, kwa sababu ndilo lililobadilisha pendekezo langu.

Tatizo la gesi kwetu ni siku ya kujaza. Serikali ilipoiwekea gesi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 Julai 2021, mitungi mingi mtaani iligeuka viti. Kodi ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023, lakini elfu moja na zaidi kwa mara moja bado ni mlima. Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, hapa Nairobi, ulionyesha njia nyingine. Huko baadhi ya familia zilikuwa na mtungi wenye mita, unalipia kwa simu kiasi unachopikia, hata hamsini. Wakati wa kufungiwa kwa sababu ya korona 2020, watafiti walikuta asilimia 95 ya familia hizo zikiendelea na gesi. Katika wale waliozoea kununua mtungi mzima, takriban robo walirudi kwenye mafuta taa au kuni. Gesi ni ile ile, mtaa ni ule ule. Kilichowatenganisha ni namna ya kulipa. Kama mpango wa mita umefika kwenu, upe uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye mtungi.

Kuhusu kulipuka: hofu ya mwenzetu ina msingi. Usiku wa 1 Februari 2024 moto wa gesi Embakasi uliua watu na kuunguza nyumba. Ule ulitoka kwenye kituo cha kujazia gesi, sio kwenye meko la mtu. Nyumbani hatari kubwa ni mtungi uliojazwa kichochoroni, mpira uliopasuka na mlipuko wa usingizini baada ya gesi kuvuja. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, pakaa maji ya sabuni kwenye kiungo uone kama yanatoa mapovu, na funga mtungi kabla ya kulala.

Stima, ambayo wengi wanaikataa bila kuipima

Niliposema stima kwenye kikao, walicheka: tokeni zitaisha! Kwa koili ya kawaida wana haki. Lakini sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine. Inafunga joto ndani, ikishafika presha yake inazima na kuwaka kidogo kidogo. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa chini ya saa moja, na hayamalizi uniti moja ya stima. Piga hesabu ya uniti moja kwenu, uiweke kando ya mikebe ya makaa inayoivisha maharagwe hayo hayo. Kwa sufuria hii moja, stima inashinda makaa, mafuta na gesi.

Kwa kifua, hakuna moshi wowote ndani. Kwa msitu, takriban sehemu tisa kati ya kumi za stima ya Kenya zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua.

Vikwazo vyake ni vya kweli. Sufuria yenyewe ni elfu kadhaa, hapo ndipo chama kinaingia. Stima hupotea, na ploti nyingi zina nyaya za kuunganisha kiholela, au mwenye ploti anatoza stima kiwango kimoja kwa mwezi na kukataza vifaa vya kupikia. Ongea naye kabla ya kununua. Ugali haupikiki humo kwa raha, chapati kabisa haiwezekani. Ni mashine ya kuchemsha, basi iachie kuchemsha.

Ethanoli, spiriti ya kupikia, nayo ina moto safi, na jiko lake halikuwa ghali. Shida yake ni kwamba ilitegemea mashine maalumu dukani. Siku mashine hiyo ilipokosa mafuta, hukuwa na pa kwenda. Singeiweka kuwa jiko la pekee la nyumba.

Mwenzetu anayeuza makaa

Utafiti wa kitaifa wa 2005 ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 wanaishi kwa makaa, wachomaji na wachuuzi pamoja. Ni watu, wana karo ya kulipa. Kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku kusafirisha makaa mwanzoni mwa 2018, na serikali ikafunga ukataji kwenye misitu ya umma Februari ya mwaka huo huo, bei ya gunia Nairobi ilipaa. Aliyeumia ni mnunuzi wa mkebe, na mchomaji aliyekosa soko halali akalitafuta la magendo. Ukiondoa makaa bila kumpa muuzaji kitu kingine, umemhamishia gharama.

Kuna vitu viwili nimempelekea. Cha kwanza ni vumbi. Kwenye kibanda chochote cha makaa, asilimia 10 hadi 15 ya gunia hubaki vumbi, na mara nyingi humwagwa mtaroni. Mtafiti Mary Njenga na wenzake walifanya kazi na vikundi vya Kibera vinavyochanganya vumbi hilo na udongo na kulifinyanga kuwa vitonge. Walipopika githeri ya watu watano, vitonge viligharimu shilingi 3, makaa 26, mafuta taa 45. Bei hizo zimepitwa na wakati, lakini pengo lenyewe ndilo la kuangalia. Vitonge vinachelewa kuwaka na moto wake ni wa taratibu, kwa chai vitakuudhi. Kwa githeri ya steji inayokaa motoni asubuhi nzima, hakuna kinachovifaa zaidi. Moshi wake ulipimwa kuwa mdogo kuliko wa makaa, ila ni moto wa kaboni vilevile, upikiwe nje.

Cha pili ni asili ya makaa yenyewe. Mathenge, ule mti wa miiba uliovamia Baringo, Garissa na Tana River, unahitaji kukatwa. Wafugaji wa Baringo walifika hadi mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa sababu ya kula maganda yake. Makaa yake yanawaka vizuri. Muuzaji anayeweza kukuonyesha kibali na kukuambia gunia ni la mathenge, mpe biashara yako kabla ya yule wa mgunga.

Nilichopeleka kwenye kikao

Mwenye meko la gesi tayari na anayechemshia nje kwa makaa: presha ya umeme, na asiguse kitu kingine. Anayeishi kwa mafuta taa na malipo ya siku: gesi ya mita kama ipo, la sivyo mtungi wa kilo sita na chama kimwekee akiba ya kujaza kila wiki. Ambaye mwenye ploti amekataa stima na gesi haijazeki: jiko lililoboreshwa, kwa kulipa kidogo kidogo. Mama wa githeri: jiko kubwa lililoboreshwa na vitonge, vinunuliwe kwa mwenzetu muuza makaa. Yeye tumempa mtaji wa kufinyanga, na hapo ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza, akauliza kama udongo mwekundu wa Kangemi utafaa.

Lakini lile nililoahidi kurudia ni mpangilio wa nani aanze. Tulikuwa tupige kura ya bahati nasibu, kila mwezi wanawake wawili popote walipo. Nimeomba tusifanye hivyo. Wanachama watano wanaishi ploti moja, milango inatazamana, korido moja, na kila jioni moshi wa mmoja unaingia kwa wanne. Wakibadilika wote watano mwezi mmoja, korido ile itakuwa na hewa ambayo hakuna hata mmoja wao angeipata peke yake. Kikao kimekubali kwa kura kumi na nne. Jumamosi tunakwenda kuongea na mwenye ploti kuhusu nyaya.